Jezi ya Kumi na Tano

Jumatatu gari jeupe linaleta mfuko,
linaushusha mlangoni kwangu, Unga Limited,
kama mgonjwa aliyekosa kitanda.
Jezi kumi na tano, mia tano kila moja.
Sabuni juu yangu. Maji juu yangu.

Nawajua kwa matope kabla ya majina.
Namba tatu ni wakili, haanguki kamwe,
jezi yake inanukia marashi, naifua kwa adabu.
Namba nane ni Fergal, aliyeuleta mchezo huu wa kwao:
kifua chote nyasi, na damu kidogo,
damu ya mtu mwenye bima.
Namba kumi na moja anafutia kamasi mkono wa kushoto,
na ndiye meneja wa benki.

Mchezo wenyewe sijauona.
Nasinyari ndiye anayerudisha mfuko Njiro kila Jumamosi,
akija ananisimulia huku akila ukoko:
mpira wanaudaka, wanaupiga ngumi, wanaudundisha kwa ncha ya kiatu,
na goli lina nguzo ndefu zinazoupita mwamba
kama zimesahau kuacha kukua.
Ukipita juu ya mwamba, pointi moja.
Ukipita chini yake, tatu.

Rudia, nikamwambia. Chini ndiyo tatu?

Chini ndiyo tatu, mama.

Nikasugua kola ya wakili mpaka ikataka kutoboka.
Toka Kijenge mpaka Sakina
sijaona pengine wanapohesabu hivyo.

Ikatokea Jumamosi daktari wao kaenda Serengeti na wageni,
wakabaki kumi na wanne.
Fergal akamtazama binti aliyesimama na mfuko tupu.
Unaweza kudaka?

Mwanangu ni saidia fundi, Muriet, mwaka wa pili huu.
Anarushiwa tofali kutoka chini, analipokea ghorofa ya kwanza,
mikono mitupu, kuanzia saa moja asubuhi,
na tofali ukilikosa
linarudi kwa aliyelirusha.
Mpira, alisema, ni mwepesi mpaka unatia aibu.

Viatu vya kuazima, soksi mbilimbili ndani yake.
Wakampa na kinga ya meno, mpya, nyeupe, kwenye kikopo chake.
Meno yake ni ya kahawia kama yangu;
maji ya huku yametuandika midomoni
bomba tulilokulia.
Siku zote anacheka kiganja kikiwa mbele.
Siku ile, saa nzima, alicheka mdomo wazi.

Alifunga mara mbili. Chini ya mwamba, zote.
Wakambeba. Meneja wa benki alimbeba mwanangu!
Kisha wakapanda ngazi kwenda barazani, kwenye soda za kusaini,
naye akabaki uwanjani akizikusanya jezi,
maana kazi ni kazi, na mfuko ulikuwa wake.
Kuhusu uanachama, ada ni laki nne na nusu kwa mwaka,
ila tutazungumza, walisema.
Nimeitafuta siku hiyo ya Tutazungumza
kwenye kalenda ya duka la dawa. Haimo.

Jumatatu, gari jeupe. Mfuko. Bahasha.
Nikahesabu mara tatu: elfu saba kamili.

Dereva akakuna shingo.
Ile moja kaivaa mwanao, mama.
Wamesema ya kwenu hamwezi kulipishana.

Hakusema kwa ubaya. Hata wao, naamini, hawakuwaza kwa ubaya;
labda walifurahi walipopata wazo hilo,
labda kuna aliyesema, sasa ni mwenzetu.
Hata mimi nilicheka, kidogo.

Nikamwaga jezi zote sakafuni, nikaitafuta.
Mgongoni ilikuwa na alama ya bega la mtu,
na kifuani, chini ya nyasi, vumbi la saruji
lililotoka kwenye ngozi yake mwenyewe.

Kawaida naanza na wakili,
maji yakiwa bado masafi.

Jumatatu ile wakili alisubiri.
Nilimfulia katika maji yaliyotoka kwa mwanangu.
Haikumdhuru. Jezi ilitakata,
akaivaa, na hakuanguka.